Dola 1 kwa Chipu: Hesabu Isiyofika Mwisho

Mtu yeyote anayeandaa poka nyumbani kwake, akishachoshwa na zile chipu za plastiki zinazouzwa ndani ya sanduku la aluminiamu, hupewa wasia uleule na waliomtangulia. Achana na za udongo, huambiwa, ni ghali na zinachukua miezi. Agiza za seramiki, uchapishiwe unachotaka, ulipe dola 1 hivi kwa kila chipu, upate ubora wa kasino kwa nusu ya bei, pengine hata theluthi. Wasia huu umerudiwa mara nyingi mno hata haujadiliwi tena. Anayeuuliza swali huonekana ama tajiri anayetafuta pa kumwaga fedha, ama mshamba asiyejua teknolojia imefika wapi.

Tuutendee haki kwanza, maana hausemi upuuzi mtupu. Chipu ya udongo, ile inayotumika kwenye meza za fedha taslimu katika kasino nyingi za Marekani, ni mchanganyiko wa madini na viunganishi unaokandamizwa ndani ya kalibu kwa joto na shinikizo kubwa. Kila alama ya rangi unayoiona ukingoni ni kipande halisi cha mchanganyiko wa rangi nyingine, kilichokatwa na kupachikwa kabla chipu haijabanwa. Alama zikiongezeka, kazi ya mikono inaongezeka. Kazi ikiongezeka, bei inapanda. Paulson, jina kubwa kuliko yote katika biashara hii, iliyoanza Las Vegas mwaka 1963, huuzia kasino, haiuzii sebule ya mtu. Anayetaka udongo mpya wenye jina lake amebakiwa na watengenezaji wachache sana, mmoja wao akiwa Classic Poker Chips wa jimbo la Maine, na itambidi angoje zamu yake.

Seramiki ilipita njia nyingine. Kampuni ya ChipCo, nayo ya Maine, ndiyo iliyoitambulisha katika miaka ya 1980. Kipande cheupe cha plastiki ngumu, chenye uzito wa gramu 10 hivi, hupigwa picha kwa wino unaogeuka mvuke kwa joto na kuzama ndani ya uso wake. Hakuna tanuri la mfinyanzi hapo, licha ya jina. Picha inafunika uso mzima na kuteremka hadi ukingoni. Rangi ziwe 2 au ziwe 200, bei ni ileile. Hakuna lebo ya kubanduka. Viwanda vya China vimeifanya kazi hii kuwa ya kila siku, na mtu yeyote mwenye faili la mchoro na kadi ya benki anaweza kuagiza.

Huo ndio wasia wenyewe, na ninavyouona mimi umekosea upande wa ubora na upande wa bei pia.

1. "Ubora wa kasino"

Ubora upi hasa? Kasino hainunui chipu kwa sababu zinazomfanya mtu wa nyumbani anunue. Kwa kasino, chipu ni fedha, na adui wa fedha ni mwizi na mghushi. Desemba 2010 mwanamume mmoja aliingia Bellagio, Las Vegas, amevaa kofia ya pikipiki, akaondoka na chipu za dola milioni 1.5. Kati yake zilikuwamo za dola 25,000 kila moja. Kasino ikatangaza kwamba toleo lile la chipu za 25,000 linaondolewa kwenye mzunguko, na mwizi akabaki na mzigo wa chipu zinazoelekea kukosa thamani, akihangaika kutafuta wanunuzi mpaka akanaswa. Januari 2014, katika mashindano ya Borgata kule Atlantic City, Christian Lusardi aliingiza mezani chipu bandia 160 za thamani ya 5,000 kila moja. Alikuwa amenunua chipu kutoka China na kuzibandika lebo za kughushi. Alipoona mambo yanaanza kumchacha alizitupa zilizosalia chooni hotelini, mabomba yakaziba, na chipu zikakutwa ndani yake. Mashindano yalisimamishwa yakiwa yamebakiza wachezaji 27.

Hayo ndiyo yanayoinyima kasino usingizi, na kwa ajili yake hutaka alama zisizoigika kirahisi, rangi ambazo kamera ya darini inazisoma kutoka pembeni ya rundo, na siku hizi vifaa vya kielektroniki ndani ya chipu zenyewe. Wewe unacheza na shemeji yako na jirani wa ghorofa ya pili. Kama mmoja wao anaghushi chipu zako, tatizo lako si chipu.

Kuna jambo la pili ambalo wasia huliruka. Seramiki ilipoingia kasino, ilipata nafasi yake nzuri zaidi kwenye mashindano na kwenye chipu za ukumbusho: pambano la ngumi, mwaka mpya, sura ya mwanamuziki. Chipu ya ukumbusho ya dola 5 hutengenezwa ili mgeni aipende, aitie mfukoni na asirudi nayo kwenye dirisha la kubadilishia. Kila inayoondoka mlangoni ni faida ya kasino, dola 5 kasoro gharama ya kuichapa. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba seramiki ya rangi kamili ina "ubora wa kasino", tunaelezwa, bila msemaji kujua, ubora wa kitu kilichobuniwa kisichezewe.

2. Uzito

Hapa sitakaa sana. Baada ya mchezaji Chris Moneymaker kushinda dola milioni 2.5 kwenye mashindano ya dunia ya poka ya mwaka 2003, watu walijaa kwenye mchezo huu kiasi kwamba washiriki wa tukio kuu walitoka 839 mwaka ule hadi 2,576 mwaka uliofuata, na maduka yakajaa seti za chipu za gramu 11.5, 13.5 na 14. Uzito huo ni wa kipande cha chuma kilichofichwa ndani ya plastiki. Watetezi wa seramiki huwacheka, na wana haki: chipu nyingi za udongo za kasino zina gramu 8 hadi 10 tu. Halafu dakika hiyohiyo wanatuambia tununue seramiki kwa sababu "ina uzito mzuri, gramu 10 kamili, inazidi udongo". Kama uzito si ubora, si ubora hata ukiwa upande wako. Na kwa faida ya wanaouabudu uzito: wakusanyaji wa Paulson za zamani hutofautisha chipu zenye risasi na zisizo nayo. Hata heshima ya gramu ilikuwa na mchango wa sumu.

3. Dola 1

Hapa ndipo mtumbwi unapovuja hasa. Bei ya chipu moja haijawahi kulipwa na mtu, kwa sababu hakuna anayenunua chipu moja. Kinacholipiwa ni oda, na oda ina tabia zake.

Tabia yake ya kwanza ni kwamba bei hushuka kadiri idadi inavyopanda. Tuseme chipu 300 zinauzwa senti 120 kila moja, na chipu 1,000 zinauzwa senti 80. Mnunuzi anayejiona mjanja huzitazama zile senti 80, akafurahi, akalipa dola 800 badala ya 360. Amepunguziwa theluthi ya bei kwa kuzidisha malipo zaidi ya maradufu. Atakwenda kwa wenzake akijipiga kifua kwamba alipata kwa senti 80, na hakuna atakayemuuliza alilipa ngapi kwa jumla.

Alihitaji ngapi? Chukua mashindano ya nyumbani ya watu 10, kila mmoja akianza na 10,000. Mpe chipu 8 za 25, 8 za 100, 4 za 500 na 7 za 1,000. Ni chipu 27 kwa mtu, 270 kwa meza nzima. Ongeza chache za 5,000 za kubadilishia zile ndogo zinapoondolewa, na bado hujafika 300. Zilizobaki 700 zitalala sandukuni zikisubiri meza ya pili na ya tatu ambazo nyumba yenyewe haina viti vyake. Ulinganisho wa haki basi si senti 80 dhidi ya dola kadhaa za udongo. Ni chipu zitakazoguswa dhidi ya fedha zilizotoka, na kwa kipimo hicho kila chipu iliyotumika kati ya zile 300 imemgharimu bwana huyu dola 2 na senti 67.

Tabia ya pili ni usanifu. Mtengenezaji wa udongo hukupa orodha ya rangi, orodha ya kalibu na orodha ya mipangilio ya alama za ukingoni. Unachagua. Huwezi kuharibu sana, kwa sababu waliotangulia wamekwisha kukuharibia na kiwanda kimejifunza kutokana na makosa yao. Seramiki hukupa duara tupu. Duara hilo lazima lijazwe na mtu: ama msanifu michoro unayemlipa, ama wewe mwenyewe usiku baada ya usiku, ama rafiki yako anayejua programu za kuchora, ambaye utamwita ndugu hadi marekebisho ya tano. Katika hesabu za dola 1 kazi hii huandikwa sifuri. Sijui fundi mwingine yeyote ambaye kazi yake huingizwa kwenye mahesabu kwa bei hiyo.

Tabia ya tatu ni safari. Chipu 500 za gramu 10 ni kilo 5 kabla ya kufungwa. Zikitoka China kwa ndege zinalipiwa kwa kilo hizo. Zikifika Nairobi au Dar es Salaam zinakutana na VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na VAT hiyo haikokotolewi kwenye bei ya kiwandani peke yake. Hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafirishaji na bima, na juu ya ushuru wa forodha wenyewe. Unalipa kodi ya kodi.

Mtetezi atanikatiza hapa: udongo nao husafirishwa, nao hutozwa. Ni kweli, na jibu lake linamgeukia. Kodi hufuata thamani, kwa hiyo inawagonga wote kwa uwiano mmoja na haibadilishi ulinganisho. Vinavyoubadilisha ni vile visivyofuata bei: usafirishaji, unaofuata uzito, na usanifu, unaomwangukia wa seramiki karibu peke yake. Tuweke namba za mfano. Chipu 300 za seramiki kwa senti 120 ni dola 360. Za udongo wenye alama rahisi, tuseme dola 3 kila moja, ni dola 900. Hapo seramiki ni asilimia 40 ya udongo, na wimbo wa nusu ya bei unaimbika. Ongeza dola 90 za usafirishaji kila upande na dola 150 za msanifu upande wa seramiki. Sasa ni 600 dhidi ya 990. Asilimia 40 imekuwa 60 na ushei, na bado hatujaagiza sampuli wala hatujakosea chochote.

Na washindani wamekatwa kutoka kwenye ulinganisho kimyakimya. Kasino zinapofungwa au kubadili jina, chipu nyingi huteketezwa, mahali pengine kwa matakwa ya sheria, lakini nyingine huangukia mikononi mwa wafanyabiashara na wakusanyaji. Hizo ni za udongo wa kasino kwelikweli, zilizolainishwa na mikono ya miaka, na baadhi yake huuzwa kwa bei ambayo seramiki mpya ingeionea haya. Hazina jina lako. Ndilo kosa lao pekee.

4. "Chapisha chochote"

Hii ndiyo hoja wanayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayowaumbua kuliko zote.

Teknolojia hii inaweza kuweka kwenye chipu ramani ya mwambao mzima kutoka Lamu hadi Kilwa, mlango wa Zanzibar na nakshi zake, rangi inayofifia kutoka buluu hadi nyeupe bila mstari wa kuzitenga. Alama za ukingoni za chipu ya udongo ziko pale kwa sababu mbili: kuizuia isighushiwe kirahisi, na kumwezesha mtu, au kamera, kuhesabu rundo kwa kuangalia ubavu wake. Seramiki haibanwi na utengenezaji ule. Basi tazama seti za seramiki ambazo watu huagiza. Nyingi zina duara jeupe katikati linalojifanya lebo iliyopachikwa, pete inayojifanya alama ya kalibu, na vipande vya rangi ukingoni vinavyojifanya udongo uliokatwa kwa mkono. Wengine huchapa hadi vivuli vidogo ili macho yadhani pana mbonyeo. Uhuru usio na mipaka umetumika kuiga mipaka ya mwingine. Kama udongo umepitwa na wakati, mbona chipu ya kisasa inajipaka rangi zake ili ifanane nao?

Wachache wanaouacha udongo upumzike huangukia shimo la upande wa pili. Mchoro unapendeza kwenye skrini ya inchi 15, halafu unachapishwa kwenye duara la milimita 39. Maandishi yaliyozunguka ukingo hayasomeki kutoka ng'ambo ya meza. Chipu ya 25 ni ya kijani yenye picha ya chui na ya 100 ni nyeusi yenye picha ya faru, lakini msanifu alipenda zote mbili ziwe na ukingo wa dhahabu, na kwa hiyo zikirundikwa ubavu wao ni mmoja. Mchezaji anatangaza dau la 400, wenzake wanainuka vitini kuhesabu. Chipu ambayo haihesabiki kwa jicho imeshindwa kazi yake ya kwanza, hata kama kila nywele ya sharubu za chui inaonekana.

Halafu kuna thamani iliyochapwa. Kikundi kinaanza na madau madogo, kinaagiza chipu za shilingi 10, 20 na 50, na baada ya miaka miwili vitu vimepanda bei, mishahara imebadilika kidogo, na hakuna anayetaka tena kukesha kwa dau la shilingi 20. Wino ule umezama ndani. Sifa hiyohiyo iliyouza chipu, kwamba haifutiki, ndiyo inayoifunga. Utarudi kiwandani kuagiza za 200 na 500, utakuta kuna kiwango cha chini cha oda, na utagundua kwamba kijani cha safari hii hakifanani na kijani cha safari ile. Wa udongo nao hupata tofauti za rangi kati ya oda na oda, hilo nalikubali. Ila yeye hakuahidiwa nakala halisi ya faili lake.

5. Sampuli

Huwezi kukosea, huambiwa, agiza sampuli kwanza. Sampuli ni chipu 5 au 10 ambazo muuzaji alikuwa na sababu zote za kuzichagua vizuri. Kasoro nyingi za seramiki ni za umati, hazionekani kwenye chache zilizochaguliwa.

Oda yenyewe ikifika, weka chipu kwenye kioo bapa, uizungushe kwa kidole. Ikiendelea kuzunguka kama pia, uso wake umevimba katikati. Haikubali kukaa chini ya chipu nyingine 19. Panga marundo 2 ya chipu 20 bega kwa bega. Chipu ikiwa na unene wa milimita 3.3, rundo ni milimita 66. Tofauti ya sehemu 1 ya kumi ya milimita kwa kila chipu inakupa milimita 2 juu, na milimita 2 zinaonekana na mtu aliyekaa kiti cha mbali. Hapo hesabu ya kulinganisha marundo kwa urefu, ambayo kila mpangaji wa meza huitegemea, imekufa. Angalia pale mchoro wa uso unapokutana na mchoro wa ukingo: mstari ulionyooka kwenye faili huwa umepinda ngazi, kwa sababu picha imesogea kidogo kulia au juu. Angalia pembe kali baada ya miezi ya kugonganishwa. Chini ya rangi kuna plastiki nyeupe, na ikianza kuchungulia hakuna mafuta ya kuirudisha rangi. Mwenye udongo hupaka mafuta ya madini na rangi inarudi kuwa nzito, na udongo wake ukimenyeka ukingoni ndani kuna rangi ileile iliyokuwa nje.

Haya yote hutegemea kiwanda. Kuna seramiki zenye uso wenye chembechembe zinazoshikana vizuri vidoleni, bapa, zilizochapwa kwa uangalifu. Hizo, kwa bahati mbaya ya wasia, si zile za senti 80. Mtindo wa watetezi ni kutaja ubora wa ile bora na bei ya ile rahisi katika sentensi moja, na kuuita huo ulinganisho.

6. Siku ya kuuza

Hakuna anayeagiza seti akifikiria kuiuza. Lakini watu huhama miji, hupata watoto, huacha kamari, na wengine wake zao huwaachisha. Siku hiyo chipu za udongo za kasino huwa na soko: wapo wakusanyaji wanaojua kila kalibu na kila mwaka, na bei yake mara nyingi hurudi ilipokuwa au kuipita. Seti ya plastiki ya dukani haina bei, lakini nayo haikugharimu kitu, ikipelekwa kwa wapwa kuchezea hakuna anayelia. Seti ya seramiki ya oda, dola 600 au 800 za mwenyewe, ina jina la ukoo wake kwenye kila uso, mwaka wa harusi yake kwenye ukingo, na sura ya mbwa wake kwenye ile ya 1,000. Muuzaji atatangaza kwa nusu ya bei, kisha kwa robo, na atapigiwa simu na watu wanaouliza kama kuna namna ya kuondoa yule mbwa.